Sabufa inayonong'ona: Desibeli 10 zinazopotelea kwenye waya

MTU anaponunua seti ya sinema ya nyumbani jijini Dar es Salaam na kuisafirisha hadi Sumbawanga, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Mbeya na Tunduma, hutarajia mlipuko wa filamu utikise kiti. Akishaunganisha waya sita za analojia kutoka kwenye deki ya DVD, hushangaa kusikia sabufa ikinong'ona. Hatua ya kwanza ya wengi ni kuzungusha kitufe cha sabufa hadi mwisho. Ya pili, baada ya muda, ni kuipeleka kwa fundi koili ikiwa imeungua.

Mara nyingi kasoro haimo ndani ya sabufa. Filamu zenye Dolby Digital, mfumo ulioingia katika majumba ya sinema mwaka 1992, huwa na njia tano kamili za sauti na ya sita ya mdundo mzito pekee, ule unaoishia karibu hezi 120. Ili milipuko mikubwa ipate nafasi, njia hiyo ya sita hurekodiwa kwa kiwango cha chini, kwa makubaliano kwamba mtambo wa kuchezea utarudisha desibeli 10. Sauti ikipita katika waya wa dijitali, amplifaya huifumbua yenyewe na kuongeza desibeli hizo bila mwenye nyumba kujua. Katika waya za analojia, anayefumbua ni deki. Deki nyingi huachia amplifaya kazi ya kuongeza. Amplifaya nyingi nazo hupokea kilicholetwa na kukipitisha vilevile. Mdundo hubaki yatima.

Desibeli 10 si jambo dogo, kwani maana yake ni nguvu mara 10. Sabufa iliyokuwa ikitumia wati 10 hudaiwa wati 100. Ndiyo maana nyongeza hiyo yapasa kufanywa mara moja tu, na mahali pamoja.

Mahali pa kuanzia ni menyu ya amplifaya. Baadhi zina kipengele cha kuongeza desibeli 10, au hata 15, kwa matundu ya analojia pekee. Kisipokuwapo, mtumiaji aingie katika menyu ya deki na kuzipunguza spika nyingine tano kwa desibeli 10, au kadiri deki inavyoruhusu, kisha aongeze sauti ya jumla kwenye amplifaya. Njia hii huonekana ya kinyumenyume, lakini huepusha kuilazimisha deki itoe mdundo hadi ukwaruze. Kitufe kilicho kwenye sabufa yenyewe kibaki karibu na katikati.

Wengi hudanganywa na sauti ya majaribio ya amplifaya. Sauti hiyo huzaliwa ndani ya amplifaya, haipiti katika waya za deki, hivyo itaonyesha kila kitu kiko sawa hata pale mdundo wa filamu unapokuwa umepungua. Jaribio la kuaminika zaidi ni rahisi: tukio moja la filamu lichezwe kwa waya wa dijitali, kisha kwa waya za analojia, huku sauti za waigizaji zikilinganishwa kwanza. Mdundo nao ukilingana, kazi imekwisha. Anayetumia kipimo cha sauti achague mizani ya C. Mizani ya A hupunguza sauti ya hezi 50 kwa takriban desibeli 30, na kumfanya mtu aongeze mdundo kupita kiasi.

Wenye waya mbili tu, nyekundu na nyeupe, wasihangaike kuitafuta njia ya sita. Deki inapokunja filamu iingie katika njia mbili, kwa kawaida huiacha njia hiyo. Sabufa hubaki kuchuja mdundo ulio katika kushoto na kulia, na hapo hakuna desibeli 10 za kurudisha.

Chumba nacho kina lake. Sebule ya matofali yenye urefu wa mita 4 hukuza sauti ya karibu hezi 43: mdundo huo huvuma kwenye kuta za mwisho na kufifia katikati. Kusogeza sabufa hatua moja kunaweza kubadilisha mengi kuliko kitufe. Ama hewa nyepesi ya nyanda za Ufipa, palipo juu zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hupunguza sauti kwa takriban desibeli moja na nusu tu ikilinganishwa na pwani, tena kwa spika zote kwa pamoja. Haiwezi kusingiziwa.

Lipo tatizo jingine linalojitokeza baada ya marekebisho. Umeme wa Sumbawanga, ambao kwa miaka mingi ulitoka Zambia, ni wa hezi 50 sawa na wa Gridi ya Taifa, na hezi 50 ni sauti ya sabufa hasa. Mngurumo unaoingia katika waya za analojia kabla ya nyongeza utapanda nao kwa desibeli 10. Dawa yake ni kuzitenga waya hizo na nyaya za umeme, kutumia waya fupi, na kuchomeka deki na amplifaya kwenye soketi moja. Wapo wanaokata pini ya ethi ya plagi ili kuunyamazisha. Mngurumo huweza kutoweka, na kinga dhidi ya shoti hutoweka pamoja nao.