Mfuko Ndio Unaoamua

Mwaka 2013 kampuni ya Nintendo ya Kyoto ilipeleka sokoni kifaa cha gemu ambacho ilikuwa imekipunguza kwa makusudi. Miaka miwili kabla yake, Februari 2011, ilikuwa imezindua 3DS, kifaa cha mkononi chenye ajabu moja kubwa: kioo chake cha juu kilionyesha picha zenye kina, kana kwamba unaweza kupenyeza kidole ndani, na mtazamaji hakuhitaji miwani. Marekani kiliuzwa dola 249.99. Watu wakakistaajabia, lakini wengi hawakukinunua. Kufikia Agosti mwaka huohuo bei ilishushwa hadi dola 169.99, na rais wa kampuni, Satoru Iwata, akajikata nusu ya mshahara. Ndipo mwaka 2013 ikaja 2DS: kadi zilezile, gemu zilezile, ila ile ajabu imeondolewa kabisa na kifaa hakikunjwi tena. Bei yake dola 129.99. Mzazi aliyekuwa anasita dukani sasa hakuwa na sababu ya kusita.

Kisa hicho ningependa kila muuza gemu akijue kwa moyo, maana kinamweleza mteja ambaye wauzaji humkosea mara kwa mara. Mchezaji wa mkononi ana vipimo vyake. Anacheza kwenye daladala, kwenye benchi la hospitali akisubiri namba yake, kitandani taa zikiwa zimezimwa. Dakika kumi hapa, robo saa pale. Kifaa anakipima kwa mfuko, kwa maana zote mbili za neno hilo: kinaingia humo? Na pesa iliyomo inakitosha?

Tarehe 3 Machi 2017 Nintendo ilimletea mteja huyo jaribu kubwa kuliko ile ajabu ya picha zenye kina. Switch ni kifaa mseto. Kina kioo cha inchi 6.2, na pembeni vipande viwili vya pedi vinavyochomoka. Ukikishika mkononi unacheza kama simu kubwa. Ukikitumbukiza kwenye stendi yake, picha inahamia kwenye runinga na unaendelea palepale ulipoachia. Ndani yake mna chipu moja tu, ya ukoo wa Tegra kutoka Nvidia, yenye mwendo wa aina mbili. Ikiwa kwenye stendi inakula umeme wa ukutani, kwa hiyo inaachiwa ikimbie. Ikiwa mkononi inazuiwa mwendo, betri isiishe upesi na kifaa kisichome viganja. Kioo kidogo hakihitaji nukta nyingi kama runinga, kwa hiyo jicho haliuoni upungufu huo sana.

Sababu ya kuunganisha ilikuwa ya nyumbani zaidi kuliko ya kisayansi. Kampuni ilikuwa inalisha watoto wawili kwa sahani moja. Wii U, konsoli yake ya runinga ya mwaka 2012, iliishia kuuza milioni 13 na ushei, wakati 3DS, baada ya kushushwa bei, ilikuwa imepita milioni 65 Switch ilipozaliwa. Kila kifaa kilitaka gemu zake, na waandishi wa gemu hawatoshi kugawanywa mara mbili. Mwaka 2013 Iwata aliviunganisha vitengo vilivyokuwa vikibuni mashine za mkononi na za runinga kila kimoja kivyake. Alifariki Julai 2015, kabla hajakiona kifaa hicho kikiuzwa.

Sasa kaa upande wa mwenye 3DS. Kifaa chake kina uzito wa gramu 235 hivi, kinakunjwa kama daftari, kioo kinalala ndani salama, kinaingia mfuko wa suruali. Anaambiwa anunue kitu cha dola 299.99, chenye gramu 398 pedi zikiwa zimechomekwa, upana wa karibu sentimita 24, kisichokunjwa, na kinachodumu na chaji saa mbili na nusu hadi sita na nusu. Zaidi ya hayo, kadi zake zote za zamani hazitaingia. Hili la mwisho lilikuwa geni kwake. DS, iliyoitangulia 3DS, ilisoma kadi za Game Boy Advance ya kabla yake, na 3DS ikasoma kadi za DS, hivyo kila aliyehama alihama na kabati lake. Switch ikaukata mnyororo. Haikuwa rahisi kufanya vinginevyo, kwa sababu gemu za 3DS ziliandikwa kwa ajili ya vioo viwili, cha chini kikiguswa kwa kalamu, na Switch ina kioo kimoja. Lakini mteja haulizi sababu. Anaona kabati lake linabaki.

Nintendo haikumfukuza. Julai 2017, miezi minne tu baada ya Switch, ilitoa New 2DS XL kwa dola 149.99, na hadharani iliendelea kusema vifaa vyote viwili vina nafasi. Wachambuzi waliona kampuni inajichanganya. Mimi naona ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote iliyofanya miaka ile. Mchezaji wa mkononi ukimharakisha anaondoka kabisa, tena anaondoka kwenda kwenye simu, na harudi.

Kilichofuata ni gemu kuhama kimyakimya, zikiwatangulia wenyewe. Monster Hunter, Fire Emblem, Animal Crossing: majina yaliyokuwa yamejenga kambi kwenye vifaa vya mkononi, moja baada ya jingine, yakahamia Switch. Zito kuliko yote lilikuwa Pokémon. Katika gemu hizi unakamata viumbe, unavilea na kuvipa majina. Mtu akishamlea kiumbe wake miaka kumi, hamuachi nyuma kwa sababu duka limetoa kioo kizuri zaidi. Walioijenga Pokémon walilijua hili mapema. Kiumbe aliyekamatwa mwaka 2002 katika Ruby, kwenye Game Boy Advance, anaweza kuvushwa hadi Diamond ya DS, kisha hadi Black, kisha kwa programu ya 3DS hadi hazina ya mtandaoni iitwayo Pokémon Bank, na tangu Februari 2020 hadi Pokémon Home, inayozungumza na Switch. Ni safari ndefu, inataka mashine zaidi ya moja na subira, na inakwenda upande mmoja tu: aliyeingia Home harudi 3DS. Lakini njia ipo. Sijui tangazo lolote la biashara lililofanya kazi kubwa kuliko daraja hilo.

Daraja lilikuwa na mlango mwembamba. Gemu za Sword na Shield za Novemba 2019 hazikuwapokea viumbe wote wa zamani, na mashabiki walilalamika kwa uchungu mwaka mzima. Walikuwa na haki. Hata hivyo gemu hizo ziliuzwa zaidi ya nakala milioni 25, na wiki nane kabla yake kilikuwa kimetokea kilichonifanya niandike makala haya.

Tarehe 20 Septemba 2019 ilitoka Switch Lite. Kioo inchi 5.5, gramu 275, pedi zimeunganishwa moja kwa moja na mwili, bei wakati huo dola 199.99. Na haiunganishwi na runinga. Yaani ile sifa iliyoipa Switch jina lake, kuhama kutoka kiganjani kwenda ukutani, imeondolewa, kama vile 2DS ilivyoondolewa kina cha picha. Mara mbili katika miaka sita kampuni ileile ilimpata mchezaji wa mkononi kwa kumpunguzia. Mwenye kutaka kumshawishi mtu huyu aache kumwonyesha kilichoongezwa; amwonyeshe uzito uliopungua, bei iliyopungua, na gemu ambayo haipatikani kwingine.

Kwa msomaji wa Mombasa, Muscat au Bujumbura kuna jambo moja ambalo matangazo ya Marekani hayana haja ya kulitaja, nalo ni kubwa. 3DS ilifungwa kwa kanda. Aliyeletewa na shangazi kutoka Marekani, kisha mjomba akamletea kadi kutoka Japani, alijikuta na kadi isiyofunguka. Switch haina kufuli hilo, ukiondoa zile zilizouzwa rasmi nchini China. Kadi ya Dubai inaingia kwenye kifaa cha London. Chaji nayo inapita kwenye tundu lilelile la simu nyingi za sasa, kwa hiyo pawabenki inayokuokoa umeme ukikatika inaiokoa na Switch pia. 3DS ilitaka chaja yake yenyewe, na ikipotea huku kwetu unazunguka mji mzima. Kwa familia zinazonunua kupitia ndugu walio nje, mambo haya mawili yana uzito kuliko inchi za kioo.

Ukinunua iliyotumika, kagua vijiti vya pedi kabla ya kutoa hela. Ugonjwa wa kijiti kujisukuma chenyewe ulienea kiasi kwamba rais wa sasa wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi kwa wateja Juni 2020. Fungua mipangilio, nenda kwenye sehemu ya kurekebisha vijiti, usiguse kitu, utazame alama iliyo kwenye kioo. Ikitembea bila kuguswa, rudisha. Kwenye Lite ukaguzi huu ni wa lazima zaidi, maana pedi haichomoki na fundi itambidi afungue kifaa chote.

Juni 2025 ilitoka Switch 2, kwa dola 449.99 Marekani. Inasoma kadi nyingi za Switch ya kwanza, kwa hiyo mnyororo uliokatika mwaka 2017 umeungwa. Kioo chake ni cha inchi 7.9, na uzito pamoja na pedi ni gramu 534, karibu mara mbili ya Lite. Japani iko ya bei nafuu, iliyotoka kwa yeni 49,980, lakini hiyo ina lugha ya Kijapani pekee na inakubali akaunti za Japani tu. Anayekushawishi uichukue kwa kuwa ni rahisi hajakutakia mema. Mwenye Lite anayecheza njiani namwambia wazi asubiri. Chenye gramu 534 ni kifaa cha mezani kinachobebeka, na bado hakijatoka kilichopunguzwa kwa ajili yake. Mwenye runinga nyumbani na watoto wanaogombea pedi, huyo anunue.

Mwenye 3DS hana tena nafasi ya kusubiri. Duka lake la mtandaoni lilifungwa tarehe 27 Machi 2023, na kucheza na wengine kwa intaneti kukakoma Aprili 2024. Sikupenda jambo hilo na silipendi hadi leo. Ni kumhamisha mpangaji kwa kuezua paa. Gemu nyingi zilizokuwa zikiuzwa humo pekee hazinunuliki tena kihalali popote.

Jirani yangu mmoja, kijana wa kidato cha tano, alinijia na 3DS yake ikiwa kwenye soksi. "Shikamoo anko. Nimepata mteja, nataka niuze niongezee, ninunue Lite." Humo ndani mna Pokémon Omega Ruby na timu aliyoilea tangu darasa la tatu. Nikamuuliza kitu kimoja tu: aliwahi kupakua Pokémon Bank kabla ya Machi 2023? Aliyewahi anaweza kuipakua tena, na siku hizi haina ada, ingawa kuwavusha viumbe kuingia Home kunahitaji kulipia Home angalau mwezi mmoja. Ambaye hakuwahi, mlango rasmi umeshafungwa, na kifaa kikiuzwa viumbe wake wanauzwa nacho.

Hakukumbuka. Tukakikunjua, tukasubiri kiwake, akaanza kupekua alama moja moja kwa kalamu, ukurasa wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu akasimama. Ilikuwepo. Akakikunja, akakirudisha kwenye soksi, akaniambia mteja atasubiri hadi Jumamosi.