Tenisi ya Kulipwa, Sehemu ya Pili: Kadi ya Mwaliko

Kijana mmoja anayewatembeza wageni katika korongo la Nyari, hapa Marafa, alinitumia swali baada ya kusoma sehemu ya kwanza. Mgeni wake Mwingereza alikuwa amemsimulia habari za Emma Raducanu, aliyetwaa ubingwa wa Marekani akiwa na miaka 18. Akauliza: "Sisi tunaye Angella Okutoyi, naye alishinda Wimbledon. Mbona yule akawa milionea na huyu wetu akaenda kukaa darasani?"

Tumtazame kwanza Raducanu. Alizaliwa Toronto mwaka 2002, baba Mromania na mama Mchina, akalelewa London. Juni 2021 alikuwa wa 338 duniani, na mitihani ya kumaliza sekondari ndiyo kwanza imepita. Mtu wa nafasi hiyo haingii Wimbledon. Mashindano makuu kama hayo huwapokea moja kwa moja wachezaji wapatao 100 wa mwanzo katika orodha ya dunia. Wanaofuata hupigania nafasi chache zilizobaki katika raundi 3 za mchujo, na hata huko aliye wa 338 kwa kawaida hafiki. Ila waandalizi hujiwekea kadi kadhaa za mwaliko, na kadi hizo humpa wamtakaye. Wa Wimbledon humtaka nani? Mwingereza, mara nyingi. Raducanu akapewa yake, akashinda mechi 3, akaishia raundi ya nne baada ya kubanwa na pumzi katikati ya mchezo. Aliondoka na pauni 181,000 na akapanda hadi ndani ya 200 bora.

Kupanda huko ndiko kulikomwezesha kuingia mchujo wa mashindano ya Marekani, huko New York, mwezi Agosti. Alicheza mechi 10, 3 za mchujo na 7 za mashindano yenyewe, bila kupoteza hata seti moja. Hakuna mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kuanzia kwenye mchujo akaondoka na kombe kuu. Zawadi yake ilikuwa dola milioni 2.5.

Sisemi kwamba alipewa ubingwa. Mwaliko haumpigii mtu mpira. Lakini bila kadi ile ya Wimbledon, Septemba yake isingekuwa ile tuliyoiona. Na nyuma ya kadi kuna fedha: sehemu kubwa ya faida ya Wimbledon huenda kwa chama cha tenisi cha Uingereza, zaidi ya pauni milioni 40 kwa mwaka. Hizo hulipa makocha, viwanja na nauli za watoto ambao bado hawajashinda chochote.

Sasa huyu wetu. Okutoyi alizaliwa Januari 2004 pamoja na pacha wake. Mama yao alifariki wakati wa kujifungua, wakalelewa na nyanya yao, aliyekuwa mfanyakazi wa usafi katika shule moja ya Nairobi. Tenisi aliianza akiwa na miaka 4. Kipaji kilipoonekana, Shirikisho la Tenisi Duniani lilimchukua katika vituo vyake vya mazoezi, Burundi kwanza, kisha Morocco. Januari 2022 akawa msichana Mkenya wa kwanza kushinda mechi ya vijana katika mashindano makuu, huko Australia, na hakuishia mechi moja: alifika raundi ya tatu. Julai mwaka huohuo, Wimbledon, yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walishinda fainali ya wasichana ya wawili wawili dhidi ya Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko: 3-6, 6-4, 11-9. Zile 11-9 ni za seti fupi ya kuamua, ambayo anayefika pointi 10 kwa tofauti ya 2 ndiye mshindi.

Ubingwa wa vijana hauna zawadi ya fedha hata senti. Wala pointi zake hazihamii orodha ya wakubwa. Huko unaanza upya, tena kwenye mashindano ya W15, yaani yale ambayo zawadi zake zote zikijumlishwa ni dola 15,000. Bingwa hapati hata dola 3,000. Anayetolewa raundi ya kwanza hupata chini ya 200. Nauli, malazi na nyuzi za raketi ni juu yake, na mengi ya mashindano hayo barani Afrika huchezwa Tunisia na Misri. Pointi nazo hudumu wiki 52 tu, kisha hufutika. Kwa hiyo kukaa darasani hakukuwa kukimbia tenisi. Mwaka 2023 Okutoyi alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, ambako mchezaji hupata ufadhili, kocha na uwanja. Mkenya mwenzake Paul Wekesa, aliyefika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995, naye alipitia chuo cha Marekani.

Machi 2024 Okutoyi alitwaa dhahabu ya tenisi ya Michezo ya Afrika mjini Accra. Ushindi huo ungempeleka Olimpiki ya Paris lau angekuwa ndani ya 400 bora duniani. Hakuwemo, na hakwenda.

Mnamkumbuka Victoria Mboko, mmoja wa walioshindwa katika ile fainali? Wazazi wake ni Wakongo waliohamia ng'ambo. Agosti 2025, akiwa na miaka 18, alishinda mashindano makubwa ya Montreal kwa kumpiga Naomi Osaka katika fainali. Aliingiaje? Kwa kadi ya mwaliko ya Wakanada. Kenya haina mashindano ya kiwango hicho. Kadi zinazotolewa Nairobi ni za mashindano madogo.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana wa Nyari ni hili: tofauti kubwa iko kwa anayelipia miaka ya kushindwa. Tusimhesabie Okutoyi makombe, tumhesabie safari alizomudu kulipia.

Wimbledon hatuwezi kuijenga Kilifi. Lakini hoteli za Malindi na Watamu zina viwanja vya tenisi, na baadhi yake hufunga milango masika, wakati watoto wako likizo ya Aprili. Naiomba Kaunti ya Kilifi na wenye hoteli wakae pamoja, watoto wa Marafa na Magarini yote wafunguliwe viwanja hivyo asubuhi mvua isiponyesha, bila malipo. Wiki ijayo nitaeleza gharama ya raketi, mipira na kocha kwa mtoto mmoja anayeanza.