Mbio za magari: Je, zibaki kwenye televisheni ya umma bila malipo?

Tarehe 13 Disemba 2024, Rais Paul Kagame alitangaza mjini Kigali kwamba Rwanda inawania kuandaa mashindano ya magari ya langalanga, yaani Formula 1. Tangu hapo mengi yamesemwa kuhusu barabara ya mashindano, hoteli na watalii. Swali ambalo halijazungumzwa sana ni lile linalomgusa mkazi wa Kamembe au Bugarama, wilayani Rusizi: mashindano hayo yakija, atayatazama wapi, na nani atakayelipa?

Kutoka Rusizi hadi Kigali ni safari ya zaidi ya kilomita 200, inayokatiza msitu wa Nyungwe. Kwa wengi wa wilaya hii ya mpakani, mbio hizo zitakuwa kile kitakachoonekana kwenye runinga au kusikika redioni.

Ombi la Rwanda bado halijawa uamuzi. Afrika Kusini nayo inataka langalanga irejee Kyalami, ilikofanyika mara ya mwisho mwaka 1993. Aidha, mwezi Februari 2025, serikali ya Kongo iliwaandikia wasimamizi wa Formula 1 ikiwataka wasitishe mazungumzo na Rwanda kutokana na vita vya mashariki mwa nchi hiyo.

Haki za matangazo ni nini?

Mwenye mashindano huuza ruhusa ya kuyaonyesha, nchi kwa nchi au eneo kwa eneo. Formula 1 inamilikiwa na kampuni ya Marekani ya Liberty Media tangu mwaka 2017, na mapato ya matangazo ni miongoni mwa nguzo zake kuu. Katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, mbio hizo huonyeshwa na SuperSport kupitia DStv, huduma ambayo mtazamaji huilipia kila mwezi.

Kwa hiyo, nchi kuwa mwenyeji wa mashindano hakuipi televisheni yake ruhusa ya kuyaonyesha. Mikataba hiyo ni miwili tofauti, na wa pili usipojadiliwa mapema, wananchi wanaweza kuchangia gharama za mashindano kupitia kodi, kisha wakatakiwa kulipa tena ili wayatazame.

Mfano wa Uingereza

Uingereza, yalipo makao ya timu nyingi za langalanga, ni mfano mzuri wa jinsi mchezo unavyohama. BBC, inayoendeshwa kwa ada ya wananchi, ilianza kugawana haki hizo na televisheni ya kulipia ya Sky mwaka 2012. Mwishoni mwa mwaka 2015 iliziacha kabisa, kabla ya mkataba wake kwisha, ili kubana matumizi. Tangu mwaka 2019, msimu mzima huonyeshwa moja kwa moja na Sky, ilhali Channel 4, isiyolipiwa, huonyesha muhtasari wa kila mbio na kurusha moja kwa moja mbio za nyumbani za Silverstone.

Zipo pia nchi zinazotumia sheria. Umoja wa Ulaya unaziruhusu nchi wanachama kuorodhesha matukio makubwa yasiyopaswa kufungiwa katika televisheni za kulipia peke yake. Afrika Kusini ina kanuni za aina hiyo, na orodha yake inajumuisha Olimpiki, Kombe la Dunia na mbio za miguu za Comrades.

Mfano wa Naivasha

Karibu zaidi na nyumbani ni Safari Rally ya Kenya. Mbio hizo zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zilitoka katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002 na kurejea Juni 2021 huko Naivasha, ambapo shirika la umma la KBC lilizionyesha kwa Wakenya bila malipo. Serikali ilikuwa imegharimia kurejea kwake, na wengi waliona ni haki mwananchi azione.

Hata hivyo, mbio za mitaani na mbio za barabara maalumu hazilingani. Safari Rally, sawa na mashindano ya baiskeli ya Tour du Rwanda ambayo yamewahi kufika Rusizi, humpitia mwananchi mlangoni. Langalanga hufanyika ndani ya uzio, kwa tiketi. Asiye na tiketi wala runinga ya kulipia hubaki nje kabisa.

Hoja za wanaopinga

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Msimu wa mwaka 2025 ulikuwa na mbio 24. Kununua haki za zote kungemeza fedha ambazo zingetumika kwa habari, vipindi vya afya na kilimo, au ligi za nyumbani ambazo hakuna kampuni ya kigeni itakayozionyesha. Jukumu la chombo cha umma, wanasema, ni kuziba pengo linaloachwa na soko, si kushindana na wenye mabilioni.

Rusizi ina ugumu wake pia. Mawimbi ya televisheni hayasimami kwenye mto unaotenganisha wilaya hiyo na Bukavu, na wenye haki, wanaouza kwa mipaka ya nchi, mara nyingi hudai matangazo yasivuke.

Njia ya kati

Kati ya kununua msimu mzima na kukosa kabisa, ipo nafasi ya kutosha. Nchi inayoomba uenyeji inaweza kuweka sharti kwamba mbio za nyumbani zionyeshwe bila malipo, na kwamba muhtasari wa nyingine upatikane. Inaweza pia kudai haki za redio, ambazo kwa kawaida huwa nafuu kuliko za picha.

Kwa wasikilizaji wa Kiswahili, lugha iliyotambuliwa rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, sharti hilo lina uzito wa ziada. Mtangazaji wa kigeni hana sababu kubwa ya kibiashara ya kuwahudumia wasikilizaji wachache wa Kamembe kwa lugha yao. Shirika la umma, lenye redio yake ya jamii wilayani Rusizi, linayo sababu hiyo, kwa kuwa wao pia ni walipa kodi.

Wakati wa kudai sharti kama hilo ni kabla ya saini. Mkataba ukishatiwa saini, mwenye haki hana tena sababu ya kulegeza.