Fahamu: Mshahara wa teknolojia na mfumuko wa bei

Maana yake

Mshahara hushindwa na mfumuko wa bei pale ambapo tarakimu zake zabaki zile zile, ilhali thamani yake sokoni yapungua.

Hesabu yake

Kwa kuwa bei nchini Tanzania zilipanda kwa wastani wa asilimia 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024, mwandishi wa programu aliyeajiriwa Mbeya mwaka 2021 kwa shilingi 800,000, asiongezewe kitu, angehitaji takriban 893,000 mwaka 2024 ili apate unga, mchele wa Kyela na chumba kama awali.

Kinga

Watumishi wa umma walitangaziwa nyongeza ya asilimia 35.1 ya kima cha chini kuanzia Julai 2025. Lakini kijana wa kampuni binafsi pale Iringa, alipwaye zaidi ya kima hicho, tegemeo lake ni mkataba tu, nao, kwa bahati mbaya, aghalabu hautaji nyongeza.