Chozi Hapigwi Picha kwa Haraka

Je, msomaji, umewahi kumwona ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, aking'ara kijani na zambarau juu ya ua la mshubiri? Huyo ni chozi, naye hupatikana hata jijini Nairobi, katika bustani za nyumbani na msitu wa Karura.

Ukitaka kumpiga picha, usimkimbize. Chozi hufuata mbochi, yaani maji matamu ya maua. Tafuta mshubiri uliochanua, keti hatua chache kutoka hapo asubuhi, unyamaze, umsubiri. Kuna vindege wa bara la Amerika ambao hunyonya maua wakielea hewani, lakini chozi kwa kawaida hutua kwanza. Huo ndio wakati wako. Hata hivyo hatulii, kwa hivyo weka kasi ya kamera iwe 1/1000 ya sekunde.

Jua nalo liwe mgongoni mwako. Rangi ya dume humetameta kwa jinsi manyoya yake yanavyorudisha mwanga. Ukimpiga picha huku umeelekea jua, utapata ndege mweusi tu.

Kumbuka pia kwamba kiota chake huning'inia tawini kama kifuko. Ukikiona, ondoka polepole. Usikate majani ili upate picha safi, kwani mama aliyetishwa huweza kuyaacha mayai, na kiota kilichobaki wazi huonwa upesi na maadui. Picha ipo kesho. Makinda yakifa hayarudi.