Je, Wajua? Zanzibar ilitangulia

Je, wajua kwamba Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara kufanya hivyo Juni 1, 2019? Kati ya miaka hiyo zilikuja Rwanda, 2008, na Kenya, Agosti 2017.

Mifuko ya rambo imepungua, lakini chupa za maji, mirija na vijiko vya kutupa bado vinaziba mitaro yetu, na mvua ikinyesha vingi huishia baharini. Plastiki haiozi, humeguka vipande vidogo ambavyo samaki na kasa humeza. Inauma, kwa sababu dawa yake tunayo tangu zamani: kikapu cha ukili. Hubeba nazi, samaki na mafungu ya mchicha bila kuchanika. Kikilowa unakianika juani. Kikichakaa kabisa, kinaoza na kuwa mbolea shambani.

Mafundi wa Lamu walikusanya takataka za plastiki wakaunda jahazi zima, Flipflopi, lililoshushwa majini 2018 likiwa limevikwa ndala kuukuu.

Kesho ukienda sokoni, beba kikapu chako. Na ukinunua dafu, mwambie muuzaji mapema: bila mrija, tafadhali.