Street Fighter II: Ipi ya kucheza na mwenzi wako?

Mnataka kuzichapa sebuleni bila kugombana? Street Fighter II ndiyo yenyewe! Capcom waliitoa mwaka 1991 kwa mashine za kumbi za michezo, kila mchezaji na batani sita: tatu za ngumi, tatu za mateke. Ilipohamia majumbani, utamu ukawa kwenye pedi.

Super Nintendo (1992): Pedi ina batani nne usoni na mbili ukingoni, kwa hiyo hakuna pigo unalokosa. Kasoro yake? Bila kodi ya siri, wawili hamwezi kumchagua mpiganaji mmoja.

Mega Drive (1993): Hapa nyote mnaweza kumchukua Chun-Li. Ila sauti zinakwaruza, na pedi ya kawaida ina batani tatu tu. Kutoka ngumi kwenda mateke lazima ubonyeze Start. Sega wakatoa pedi ya batani sita mwaka huohuo.

Ushauri wetu: chukueni Super Nintendo. Mkiipata Mega Drive ya mtumba, hakikisheni pedi za batani sita ni mbili. Mwenye tatu akichapwa atanuna mpaka asubuhi, na haki anayo!